Bomba la Moshi la Pikipiki Yetu

Kuna kazi ambazo mtu huzifanya nyumbani mwake kwa mikono yake mwenyewe, na jioni hujiona kuwa fundi. Kumbe aliyelipa gharama ni jirani, au mtoto aliyelala. Leo twataka kuwasimulia jambo la namna hiyo lililotupata sisi wenyewe hapa Lubumbashi. Hatulisimulii kwa kujisifu. Sisi tu mwalimu wa shule, na kila siku twasahihisha madaftari ya wengine. Basi yafaa mara moja kalamu nyekundu ipite juu ya daftari letu pia.

Mdogo wetu anakaa nasi katika nyumba moja. Kazi yake ni takisi-moto: anabeba abiria kwa pikipiki yenye motere ndogo ya silinda moja, ya kiasi cha 125, kuanzia mapambazuko hata usiku. Kwa kazi hiyo anajilipia masomo yake ya jioni; na sisi pia, mwezi ambao mshahara umekawia, twala bukari ya pikipiki hiyo pasipo kuona haya.

Siku moja ya mwezi wa Desemba alirudi mapema, uso umemkunjamana.

“Yaya,” alituambia, “bomba la moshi limekwisha. Nimelichomelesha mara mbili. Sasa fundi anasema hawezi tena, kwa kuwa chuma chenyewe hakipo.”

Tulitazama chini ya pikipiki tukaona kweli. Kutu ilikuwa imelila bomba pale linapopinda, ikaacha tundu la kupitisha kidole. Basi Jumamosi tulikwenda pamoja hata soko la mtaa wa Kenya, na mwuzaji wa vyombo vya pikipiki akatuwekea mbele mabomba mawili. La kwanza lilikuwa jeusi, zito, refu, mfano wa lile tulilolikuta tuliponunua pikipiki. La pili lilikuwa fupi, limeng'arishwa kama kioo, na mdomo wake mpana waweza kuingiza ngumi ya mtoto.

“Hili litaifanya pikipiki ipumue,” mwuzaji alisema, akilipiga-piga bomba fupi kwa kucha. “Nguvu itaongezeka. Na abiria watakusikia kabla hujafika.”

Bei ya bomba lile lenye kung'aa ilizidi ya jeusi kwa fedha ya kutosha unga wa jamaa yetu kwa juma zima. Mdogo wetu alitutazama, akingoja neno la mkubwa wake. Tungaliweza kusema hapana. Lakini hebu tukiri: sisi pia lilitupendeza. Mtu aliyepita miaka mingi akiambiwa anyamaze darasani, kisha akapita miaka mingine akiwaambia watoto wanyamaze, huenda moyoni mwake atamani siku moja kupita barabarani kwa kishindo. Tukatoa fedha.

Kabla ya kuendelea, inafaa tueleze kazi ya bomba la moshi, kwa maana wengi wetu twaliona kuwa mfereji tu wa kutupia uchafu nje.

Motere ya pikipiki kama ile yetu hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa iliyochanganyika na esanse, huikandamiza, huiwasha kwa cheche, kisha huufukuza moshi. Hatua hiyo ya nne ndiyo yenye kelele. Wakati mlango mdogo wa kutolea moshi unapofunguka, moshi ungali una moto mwingi na mkandamizo mwingi, nao huruka nje kama kizibo cha chupa. Motere ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mlango huo hufunguka mara 3,000, yaani mara 50 katika sekunde moja. Hesabuni wenyewe, enyi wanafunzi: vizibo hamsini kwa kila sekunde!

Kwa sababu hiyo nyuma ya bomba huwekwa kile chombo kinene ambacho kwa Kifaransa huitwa kwa jina lenye maana ya “kinyamazisho”. Ndani yake mna vyumba vidogo na mirija yenye matundu mengi. Moshi huingia kwa ghadhabu, huzungushwa toka chumba hata chumba, mlio wake hugongana na mlio wake, hata unapotoka nje umekwisha kutulia. Ufundi huu si wa jana. Mnamo mwaka 1897, ndugu wawili wa mji wa Columbus, katika jimbo la Indiana huko Marekani, Milton Reeves na Marshall Reeves, walipata hati ya serikali kwa chombo chao cha kupunguza kelele ya motere. Siku hizo njia zilikuwa zimejaa farasi, na farasi walishtuka kwa mlio wa magari mapya. Ndugu wawili walitengeneza kinyamazisho. Ndugu wawili wengine, mwalimu na mdogo wake, wakalipa fedha ili wakiondoe.

Kazi yenyewe tuliifanya uani, chini ya mwembe, alasiri ya Jumamosi ile. Kushika spana tulijifunza katika seminari ndogo, kwa padri mmoja ambaye pikipiki ya misioni aliitengeneza mwenyewe, nasi tukamshikia vyombo. Mengi ya mafundisho yake tuliyafuata. Tulingoja motere ipoe kabisa, kwa maana bomba lenye moto halitazami kama mkono ni wa fundi au wa mwanafunzi. Tulisugua kutu kwa brashi ya chuma, tukadondosha mafuta juu ya nati mbili zinazoshika bomba katika kichwa cha motere, tukayaacha yaingie. Nati hizo hukaa katika moto kila siku. Ukizilazimisha kwa nguvu, boliti hukatika ndani ya motere, na kazi ya saa moja inakuwa kazi ya juma na ya fedha nyingi. Basi tulizilegeza kidogo, tukazirudisha kidogo, tukazilegeza tena, hata zikakubali. Mwishowe tukafungua boliti ile kubwa karibu na mahali pa kuwekea mguu, inayobeba uzito wa bomba, nalo bomba la kale likaanguka mikononi mwetu kama nyoka mzee.

Kulitia jipya, padri yule alikuwa na neno lake: nati zote kwanza kwa vidole, spana baadaye. Ukikaza upande mmoja kabisa kabla ya mwingine, bomba hukaa kwa kujinyonga, na siku si nyingi litapasuka kwa mtikiso. Tulizishika zote kwa vidole, tukatazama bomba lisiguse gurudumu la nyuma wala kikanyagio cha breki, kisha tukakaza zile mbili za motere kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko huku, na ile ya nyuma mwisho kabisa. Tukapangusa bomba kwa kitambaa safi, ili alama za vidole vyenye mafuta zisiungue juu yake.

Lakini palikuwa na jambo moja tuliloliruka. Kati ya bomba na motere hukaa pete laini ya shaba, gasketi. Bomba likikazwa, pete hiyo hubonyea na kuziba kila upenyo. Kwa kuwa imekwisha kubonyea, haifai kutumiwa mara ya pili. Padri alitufundisha hivyo, nasi twalikumbuka neno lake vizuri. Lakini mwuzaji hakutupa pete mpya, soko lilikuwa mbali, na mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa magharibi.

“Ile ya zamani haijavunjika, Yaya,” mdogo wetu alisema.

Nasi tukajibu, “Irudishe tu.”

Wanafunzi wetu wanajua kwamba katika hesabu kosa la mstari wa kwanza hufuatana nawe hata mstari wa mwisho.

Mdogo wetu alipowasha motere, kuku wa mtaa mzima waliruka. Watoto walikuja mbio kutoka nyua zote wakapiga makofi. Mzee jirani, aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani pasipo kusema neno. Tulidhani amestaajabu. Mdogo wetu alizunguka mtaa mara mbili akarudi akicheka: “Yaya, inakwenda kama simba!” Tukapanda nasi, tukazunguka, na kweli tukaona kwamba pikipiki imepata nguvu mpya.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya Desemba isiyo na adabu. Kama jamaa nyingi za mji wetu, usiku twaingiza pikipiki ndani ya nyumba kwa sababu ya wezi. Tukaiweka katika chumba cha kwanza, tukafunga mlango. Saa mbili ya usiku hivi, mdogo wetu alisema kwamba alipokuwa akirudi alisikia mlio mwembamba karibu na motere, “pufu, pufu, pufu,” kana kwamba mtu anapuliza moto wa makala. Kesho yake asubuhi alikuwa ameahidi kuwapeleka watu wawili kituo cha mabasi. Alitaka kujua kabla ya kulala moshi unatokea wapi.

Sasa sikilizeni, wasomaji, jinsi akili ya watu wawili waliosoma inavyoweza kulala macho wazi. Tulisema hivi: tukiwasha motere mlango ukiwa wazi, majirani watakosa usingizi kwa kelele, na mvua itaingia. Basi, kwa heshima ya majirani, tukafunga na dirisha pia. Tukawasha. Mdogo wetu alisogeza mkono karibu na kichwa cha motere pasipo kukigusa, akihisi mahali moshi unapotoka. Sisi tulimshikia taa. Tulizima, tukakaza nati, tukawasha tena. Tukazima, tukawasha mara ya tatu. Kichwa kilianza kutuuma, tukadhani ni njaa. Magoti yalilegea, tukadhani ni uchovu wa kuinama. Na katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia tu, alikuwa amelala mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka minne.

Mama watoto alikuwa jikoni, katika kibanda cha nje. Alipofungua mlango kuleta sahani, alisimama hapo hapo.

“Ninyi wawili, mnapika nini humu ndani?”

Hakungoja jibu. Alipita katikati yetu, akainua pazia, tukamsikia akiita jina la mtoto mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara kwa sauti iliyo juu zaidi. Alitoka naye mikononi. Shingo ya mtoto ilikuwa imelegea kama ya kuku aliyechinjwa, na matapishi yalikuwa kifuani pake. Mama alimpeleka moja kwa moja nje, katika mvua, akasimama hapo akimwinamia. Maji ya mvua yakampiga mtoto usoni, naye akavuta pumzi kwa kelele, akalia. Hatujapata kusikia wimbo uliotupendeza kuliko kilio kile.

Tulikwenda hospitali kwa pikipiki ile ile, kwa kuwa usiku na katika mvua hapakuwa na chombo kingine: mdogo wetu mbele, mama na mtoto nyuma yake. Sisi tulifuata kwa miguu, tukijikwaa. Lile bomba lilinguruma barabara nzima. Taa ziliwaka katika madirisha, moja baada ya nyingine, na kila mtu aliyeamka alijua ni pikipiki ya mwalimu.

Mwuguzi alimtazama mtoto, akatuuliza: “Mmelala na mbabula ndani?”

Tukajibu kwamba hapana, tulikuwa tukiwasha pikipiki.

“Ni kitu kimoja,” alisema, akamtia mtoto mfuniko wa oksijeni puani na mdomoni. Alikaa hivyo hata asubuhi. Jua lilipochomoza aliomba chai yenye sukari nyingi, nasi tukajua kwamba tumerudishiwa mtoto wetu.

Maneno yale ya mwuguzi yalituchoma kuliko tusi. Kila mwaka baridi ya mwezi wa Juni inapoanza, twasimama mbele ya darasa na kufundisha: msiingize mbabula chumbani usiku, makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa huua jamaa nzima usingizini. Twaandika ubaoni jina la hewa hiyo mbaya: monoksidi ya kaboni. Twaeleza kwamba haina rangi, haina harufu, na ulimi hauionji. Kwamba inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu inashindwa kubeba pumzi ya uzima. Kwamba anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea, halafu husinzia. Haya yote twayajua kwa moyo. Na moshi wa motere umebeba hewa hiyo hiyo. Lakini kwa kuwa somo liliandikwa chini ya jina la “mbabula”, hatukulitambua lilipoingia nyumbani kwa magurudumu mawili. Mara nyingi tumewakemea wanafunzi kwa kosa la kujua jibu la swali moja tu. Siku hizi twawakemea kwa upole zaidi.

Huenda mwafikiri kwamba siku iliyofuata tuliling'oa bomba lile. Hapana. Fedha ilikuwa imekwisha. Mdogo wetu alinunua gasketi mpya, akaitia uani, mchana, mahali pa wazi; ule mlio mwembamba ukakoma, naye akarudi kazini. Tulijiambia kwamba kosa lilikuwa la pete na la chumba, si la bomba. Ilitupasa kungoja majuma mengine matatu ili tulimalize somo.

Juma la kwanza, sauti ya mdogo wetu ilibadilika. Alipotusalimu alipiga kelele, kana kwamba tuko ng'ambo ya mto. Jioni alisema kwamba masikio yake yanalia kama nyenje. Shirika la Afya Ulimwenguni hufundisha kwamba sikio la mtu laweza kuvumilia sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, lakini sauti ikifika desibeli 90, saa zinazofaa ni nne tu. Mtu wa takisi-moto hukaa juu ya pikipiki saa nne kabla hajala chakula cha mchana cha Jumatatu. Na sikio, wapenzi, si kama bomba: likiharibika kwa kelele, hakuna soko linaloliuza.

Juma la pili, tulikuwa darasani tukiwapa watoto wa mwaka wa sita imla. Palikuwa kimya, kalamu zikikwaruza tu. Mara mngurumo ulipita nyuma ya ukuta wa shule. Watoto arobaini wakainua vichwa, na sentensi yetu ikakatika katikati. Tulikunja uso, tukataka kusema neno kali juu ya vijana wasio na malezi. Mtoto mmoja wa mbele alitutazama kwa macho safi akasema: “Mwalimu, ni mdogo wako.” Darasa likacheka. Nasi hatukuwa na neno, isipokuwa kurudia sentensi toka mwanzo.

Juma la tatu, yule mzee wa mgodi alikuja. Alikaa juu ya kiti tulichompa, akanywa maji, akauliza habari za mtoto, kama ilivyo desturi. Kisha alisema:

“Mwalimu, mimi masikio yangu niliyaacha chini ya ardhi zamani, pikipiki yenu hainisumbui. Lakini bibi yangu ni mgonjwa. Usingizi humjia saa nne, na saa tano mdogo wako anarudi. Hakulala juma zima. Sikukuja kugombana. Nilidhani hamjui.”

Nilidhani hamjui! Laiti angalitutukana. Tulikumbuka jinsi alivyotoka mlangoni siku ile akarudi ndani kimya, nasi tukadhani amestaajabu.

Usiku ule tulizungumza na mdogo wetu mpaka makala yakazimika. Mwanzoni alikataa.

“Yaya, mimi ndimi ninayelala mwisho na kuamka kwanza. Bomba hili linanipa abiria. Nikipita, wananigeukia.”

“Wanakugeukia,” tulimjibu, “lakini je, wanapanda?”

Alinyamaza. Kesho yake alihesabu fedha ya juma na kuilinganisha na daftari lake la mwezi uliopita. Hazikutofautiana. Esanse, ndiyo, ilikwisha upesi zaidi, kwa kuwa kwa kupenda mlio alizidi kuvuta akseleta. Tena tulifungua buji, ile inayotoa cheche, tukaona ncha yake imekuwa nyeupe kama chokaa, badala ya ile rangi ya udongo ambayo ni dalili ya afya. Fundi mmoja alitueleza maana yake. Bomba lililo wazi hubadili mwendo wa hewa katika motere. Kaburata lisiporekebishwa ili kutoa esanse zaidi, hewa inazidi, na motere inaweza kupata moto kupita kiasi. Aliyetuuzia bomba hakutaja jambo hilo, wala sisi hatukuuliza.

Na ile nguvu mpya je? Tulifanya jaribio, kama tufanyavyo katika somo la sayansi. Tulichagua kilima kimoja, abiria mmoja, gea moja. Mdogo wetu alikipanda kwa bomba la kung'aa, nasi tukahesabu kwa saa ya mkono. Kisha rafiki yake mwenye pikipiki ya namna ile ile, yenye bomba la kawaida, akakipanda na abiria yule yule. Walifika juu kwa muda ulio sawa. Nguvu tuliyoiona siku ya kwanza ilikuwa masikioni mwetu tu. Wazee walisema kweli: debe tupu haliachi kuvuma.

Basi tulirudi sokoni tukanunua bomba jeusi, na safari hii pamoja na gasketi yake mpya. Jumamosi alasiri tulikaa tena chini ya mwembe. Nati kwa vidole kwanza, spana baadaye. Motere tuliiwasha uani, katika hewa wazi, na mtoto wetu wa miaka minne alikuwa mbali, mikononi mwa mama yake, ambaye alisimamia kazi yote kama mkaguzi wa shule. Motere ilipokwisha kupoa, tulikaza nati mara ya pili, kwa maana chuma hupanuka kwa moto na kulegea. Mzee jirani alitoka mlangoni, akasikiliza, akainua mkono.

Ninyi mnaotengeneza vyombo nyumbani, tafadhali shikeni mambo haya machache. Motere isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala katika kibanda kilichofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama mvua inanyesha. Dirisha moja lililo wazi halitoshi. Pikipiki ikilazwa ndani kwa sababu ya wezi, isukumwe ikiwa imezimwa, na asubuhi isukumwe nje kabla ya kuwashwa. Mtu akiumwa kichwa au kutapika karibu na moshi wa motere au wa makala, atolewe nje kwanza, maswali baadaye, kisha apelekwe kwa waganga. Gasketi ya bomba ibadilishwe kila mara bomba linapofunguliwa. Na watoto wadogo wasikaribie bomba hata baada ya safari, kwa kuwa chuma chenye moto hakina rangi ya kuwaonya.

Na zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo bomba lenyewe lilitufundisha. Mafundi walilielekeza nyuma. Aendeshaye pikipiki huacha moshi wake nyuma yake, na anayeuvuta ni mwingine. Kwa hiyo ni rahisi kwake kusema, “Mimi sioni taabu yoyote.” Husema kweli, kwa maana hageuki. Tangu siku zile, tukitaka kununua kitu, kujenga ukuta, hata kuwasha redio, twajiuliza kwanza: nyuma yetu amelala nani?

Bomba la kung'aa tumelitundika ukutani jikoni. Vijana wawili wamekuja kutaka kulinunua, na fedha ingalitufaa. Lakini mdogo wetu mwenyewe amekataa. Alisema hawezi kumwuzia mtu mwingine usingizi wa bibi wa jirani yake.

Siku hizi anaporudi saa tano ya usiku, hasikiki. Huzima motere njiani, huisukuma pikipiki taratibu, hugonga mlango kwa kidole. Mama watoto analalamika kidogo: zamani, asema, alimsikia toka mbali akapata nafasi ya kupasha chakula moto, na sasa anamkuta mezani ghafula kama mzimu. Lakini hulalamika kwa sauti ya chini. Nyuma ya pazia mtoto amelala.